Kigeuzi cha Wifi Yangu

Kaka yangu alipofariki, mkewe hakulia. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililoanza nalo siku zile, na kwa miezi mingi sikuwa na lingine la kusema juu yake. Alikaa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, akipokea pole za watu kama karani anayepokea mzigo ghalani. Mimi nililia mpaka sauti ikanikauka. Yeye ndiye aliyeniletea maji. Nikayanywa, na jambo hilo nikaliweka moyoni.

Wifi yangu ni fundi redio. Alisomea chuoni, mwanamke peke yake katika darasa la watu thelathini na wawili, na kazi hiyo anaifanya mwaka wa thelathini na sita sasa. Chumba chetu cha kazi ni kimoja: mimi niko mbele na cherehani, yeye yuko nyuma ya kabati la vioo na meza yake ya mbao iliyojaa alama za moto. Mteja mgeni akiingia ananipita mimi, anampita na yeye, halafu anauliza, "Fundi yuko wapi?" Zamani wifi alikuwa akimjibu bila kucheka, "Katoka, iache hapo." Kesho yake mtu anakuta redio inaimba, na wifi anamwambia, "Fundi kasema usiweke tena kikombe cha chai juu yake." Mteja akishatoka tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Mtaa mzima humwita Fundi. Mimi humwita Wifi, naye huniita Wifi, na ukitusikia kwa mbali huwezi kujua nani anamgombeza nani.

Kwa kawaida ni mimi ninayegombeza. Mdomo wangu hauna breki, najijua. Yeye ni mtu wa kupima kwanza. Hata rezista, kile kipande kidogo cha kupunguza umeme, iliyotoka dukani kwenye pakiti, yenye rangi zake zote, hataiweka kwenye kazi mpaka aipime, aandike namba kwenye kipande cha karatasi ya gundi, aibandike. Kaka alikuwa akimtania kwamba hata siku ya harusi alimpima kwanza.

Kaka alikuwa dereva wa mitambo ya kujenga barabara. Miaka tisa alifanya kazi nchi za nje, akija nyumbani mara moja kwa mwaka, na aliporudi moja kwa moja alirudi na sauti ile ile nzito iliyokuwa ikitangulia mlangoni kabla yake. Halafu koo likaanza kumsumbua. Madaktari walikata walichokata, na sauti ikaenda na kilichokatwa. Miaka kumi na mmoja ya mwisho aliongea kwa midomo na mikono, na akitaka kumwita mtu aligonga meza kwa kijiko. Simu zetu zimejaa video zake. Anatabasamu, anapunga mkono, anakula. Hakuna hata moja ambayo anasema neno.

Kwa hiyo unaweza kufikiria moyo wangu ulivyonidunda siku tuliyokuwa tunagawa nguo zake, nikaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani wa sanduku lake la safari, nikatoa kaseti. Ilikuwa moja tu, haina jalada, juu yake ameandika kwa mkono wake: Nyumbani.

Wa umri wangu watanielewa. Enzi zile kupiga simu nje ya nchi ilikuwa shughuli ya kutwa nzima, na kaka kalamu ilikuwa adui yake. Basi tulitumiana kaseti. Alijirekodi kule kambini, akampa dereva wa lori anayekuja huku. Sisi tukaizunguka redio, tukamsikiliza, tukacheka, tukarudisha nyuma, tukasikiliza tena. Kisha tukarekodi majibu yetu juu ya maneno yake, kaseti ile ile, ikarudi na lori. Ndivyo kila nyumba ilivyofanya. Hakuna aliyefikiri kwamba sauti ya mtu ni kitu cha kuweka akiba. Mtu ungemsikia tena mwezi ujao.

Nikamwuliza wifi, "Hii ina yeye, au ina sisi?"

Aliishika kwa ncha za vidole, akaisoma ile Nyumbani.

"Yumo," akasema.

Kwa furaha sikumwuliza amejuaje.

"Iweke sasa hivi basi! Unangoja nini?"

"Niachie mimi hii, Wifi."

Akaifungua pale mezani, skrubu tano ndogo, akanionyesha. Mkanda ulikuwa umeanza kupukutika. Pale ulipogusa kitambaa cheupe uliacha vumbi la kahawia. Akasema mkanda wa hivyo utakubali kupita kwenye mashine mara moja, ukiwa na huruma mara mbili, na kila ukipita unaacha sehemu ya maneno kwenye kichwa cha mashine. Tukitaka kumpata, tumpate kwa mara hiyo moja, aingie kwenye kompyuta akae huko.

Nikasema sawa, kuna studio nyuma ya benki, wanarekodi kwaya na matangazo ya biashara, twende kesho.

"Haiendi kwa mtu."

"Kwa nini?"

"Haiendi."

Nikamwambia ana kiburi. Nikamwambia ufundi umempanda kichwani, kwamba yuko tayari sauti ya kaka yangu ipotee ili mradi asiguse mlango wa fundi mwingine. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akafunga skrubu zake tano, akaifungia kaseti kwenye droo. Siku zile ungeweza kumwambia chochote. Yalimfika masikioni na kuishia hapo hapo.

Alijaribu kwanza kifaa cha dukani, kile cha plastiki kinachochomekwa kwenye laptopu, akakijaribu kwa kaseti ya muziki isiyo na maana kwake. Nilisikia na mimi. Mwimbaji alikuwa kama amefunikwa blanketi, na kila aliponyamaza mvumo ulipanda kujaza nafasi. Kifaa kilikuwa kinajipandishia sauti chenyewe, kinadhani kinasaidia. Wifi akakichomoa.

"Nitatengeneza mwenyewe," akasema.

Mimi ndiye mtu wa kuuliza, basi nikauliza kinatengenezwaje. Akanieleza kwa lugha ya kazi yangu. Kaseti inatoa sauti kama wimbi, haina kituo. Kompyuta haijui wimbi, inajua kuhesabu tu. Kigeuzi kinakaa katikati, kinapima wimbi lile mara elfu arobaini na nane kwa kila sekunde, kila kipimo kinaandikwa namba. "Ni kama futi yako," akasema. "Ukimpima mtu kiuno peke yake, utamshonea gunia. Pima kila mahali, gauni linamkaa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema maneno mengi hivyo tangu mazishi, na aliyasema kama anasoma maandishi ya nyuma ya dawa.

Alianza Jumatatu. Alitoa vipande vya kukuzia sauti kutoka kwenye mikseta mbili za muziki zilizokufa, akavipima, akachagua vinne vinavyofanana. Alipima rezista mia na ishirini ili apate jozi nane. Kapasita, vile vikopo vya kutunza umeme, alinunua mpya, zile za bei, kwa sababu alisema za zamani hukauka ndani kama watu. Moyo wa kazi ulikuwa chipu moja, iliyoagizwa, ikaja kwa posta ndani ya mfuko unaong'aa. Nilipoiona nilicheka. Ni ndogo kuliko kifungo cha shati la mtoto mchanga, na ina miguu kumi na minne.

"Hiyo ndiyo itakayombeba kaka?"

"Nipe sindano," akasema. "Namba tisa."

Nikampa sindano zangu. Alikuwa anaikandamiza chipu kwa sindano moja mkono wa kushoto, mkono wa kulia ana pasi ya kulehemu yenye ncha kama ya penseli, jichoni ana lenzi ya fundi saa. Mguu mmoja, anapumzika. Mguu mwingine, anapumzika. Alimaliza saa nane mchana, akawasha, na kidole akakiweka juu ya chipu kusikiliza joto.

"Nimeichoma," akasema.

Aliiweka imegeuka. Kuna kidoa kidogo sana kinachoonyesha mguu wa kwanza uko wapi, na fundi huyu, ambaye mimi sijawahi kumwona akigeuza hata betri ya tochi, alikipachika upande usio wake. Nilisubiri ashike kichwa, atukane, atupe kitu. Akaandika kwenye daftari lake: chipu, moja, imeungua, kosa langu. Akaagiza nyingine. Tukangoja wiki tatu.

Katika wiki hizo tatu ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza. Alikuwa anatengeneza spika ya mteja, mimi napinda pindo, nikasikia harufu ambayo si ya lehemu. Nikageuka. Pasi ilikuwa imelala juu ya kidole chake cha shahada, naye anakitazama. Hakukivuta. Nilimrukia nikaitupa ile pasi sakafuni.

"Una wazimu wewe?"

Akakitazama kidole kile. Ngozi ilikuwa imeshakuwa nyeupe.

"Ona," akasema. Yaani kama mtu anayekuonyesha kitu dirishani.

Nilimfunga dawa na kitambaa. Siku zile alikuwa anakula akiwa amesimama, chakula anakitia chumvi mara mbili au hakitii kabisa, na chochote utakachompa atakimaliza. Nilimwuliza, "Wifi, unajisikiaje hasa?" Akafikiri kweli, si kwa kunikwepa. Akasema, "Unajua mguu ukifa ganzi? Unaugusa, unajua ni wako, lakini ni kama umeshika wa mtu mwingine. Ndiyo hivyo, mwili mzima." Nami nikasema, Mungu anisamehe, kwamba wengine ganzi hatuna nafasi nayo kwa sababu tulimpenda. Akaendelea kushika kidole chake.

Chipu ya pili ilikaa sawa. Kigeuzi kikawa kimekamilika, ndani ya bati la biskuti ambalo yeye alilitoboa matundu na kulisugua rangi mpaka likabaki chuma tupu. Umeme wake unatoka kwenye betri mbili za pikipiki, kwa sababu umeme wa ukutani una mngurumo wake na yeye hakutaka mngurumo wowote. Akaweka ile kaseti ya muziki, akavaa visikilizio, akaanza kujaribu. Kulikuwa na mlio. Mwembamba, kama nzi ndani ya chupa, unakuja na kuondoka.

Alihangaika na nzi yule siku kumi na tisa. Alibadilisha nyaya zote. Alihamisha waya wa ardhi mahali sita. Alifumua nusu ya kazi akaijenga upya. Mimi huku nina sare za shule mia mbili za kushona kabla ya muhula kuanza, nakanyaga cherehani ya umeme tangu asubuhi, na kila nikisimama kunywa chai nasikia nyuma ya kabati, "Umeondoka." Nikirudi kazini, "Umerudi." Siku ya kumi na tisa akatokeza kichwa.

"Wifi, zima cherehani."

Nikazima.

"Washa."

Nikawasha.

"Ni wewe," akasema.

Basi tuligombana. Yaani niligombana. Nikamwambia kila kibaya katika nyumba hii ni mimi, sasa hata nzi ni mimi. Akanivalisha visikilizio. Nikakanyaga mwenyewe, nikasikia mwenyewe: mota yangu ilikuwa inarusha takataka zake hewani, na bati la biskuti lilikuwa linazidaka. Nilijikuta nacheka, kile kicheko chetu cha zamani, nikamtazama nikidhani naye anacheka. Alikuwa anaandika kwenye daftari.

Ikabaki siku ya kunakili. Alichagua Jumapili asubuhi, kwa kuwa mchomeleaji vyuma wa mlango wa tatu hafungui, na cherehani yangu imelala. Ijumaa jioni, tunafunga milango, akaniambia:

"Jumapili usije. Nikimaliza nitakuletea nyumbani."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Nisije?"

"Nitakuletea sehemu aliyoongea. Ikishasafishwa."

"Wewe!" nikasema. "Huyo alikuwa kaka yangu kabla hujajua kama yupo duniani. Miezi yote hii nakupa sindano, nazima cherehani, leo unataka umsikilize peke yako? Umemlilia lini wewe, hata ukawa wa kwanza kumsikia?"

Alikuwa ameshika kufuli.

"Una hakika unataka kuwepo?"

"Nitalala hapa mlangoni ikibidi."

"Haya," akasema. "Njoo saa tatu."

Nilifika saa mbili na nusu, nimevaa vizuri kama mtu anayekwenda kupokea mgeni. Wifi alikuwa ameshahamishia mkanda ndani ya kasha jipya, ameupa sponji mpya ya kuubana, amesafisha kichwa cha mashine kwa spiriti. Laptopu ilikuwa inatumia betri yake yenyewe. Akaninyooshea spika badala ya visikilizio ili tusikie wote. Akasema jambo moja tu: ukishaanza kuzunguka haturuhusiwi kuusimamisha, kwa sababu ukisimama na kuvutwa tena, pale pale utakatika.

Akabonyeza. Kwenye kioo cha laptopu mstari wa kijani ukaanza kutetemeka. Mvumo. Kisha mtu akapumua karibu kabisa na maikrofoni.

"Kaka, ni mimi. Niko peke yangu, nimejifungia."

Sauti ya msichana. Nyembamba, ya haraka, yenye kiherehere. Mara ya kwanza nilitabasamu, nikasema, "Huyu nani?" Nikaitambua katika neno lililofuata. Nilikuwa na miaka ishirini na minne.

"Nakwambia jambo, usimwambie mtu. Huyo mke wako, kaka, tangu uondoke hajui jiko liko upande gani. Kutwa kucha na mawaya. Watu wanatucheka. Miaka mitatu nyumba haina mtoto, yeye anazaa redio."

Nilinyoosha mkono kwenye kitufe. Wifi alinidaka kiwiko cha mkono, si kwa hasira. Alikishika kama anavyoshika kazi.

"Usiguse. Itakatika."

Basi nikakaa. Sijui nikuelezeje dakika kumi na moja zile. Kigeuzi chake kilikuwa kizuri, kizuri mno. Nilisikia mate yangu mwenyewe. Nilisikia kiti nilichokalia kikilia, kile cha kamba cha nyumba ya mama. Nilisikia nilipokuwa natabasamu.

"Mwezi uliopita kajilaza hospitali siku mbili, eti mimba imetoka. Mimba ipi? Mimi nalala chumba cha pili, mbona sikuiona? Anajilegeza tu ili umwonee huruma. Kaka, wewe bado kijana. Ukirudi anza upya. Kuna mwalimu mmoja hapa jirani, mpole, nimeshaongea naye habari zako..."

Na habari za mwalimu zilikuwa ndefu. Wifi alikuwa anautazama mstari wa kijani, mara moja moja anagusa kidude cha kupunguza nguvu pale nilipopandisha sauti ili nisipasuke kwenye spika. Alikuwa ananirekodi vizuri. Kila neno.

Mwishowe yule msichana akasema, "Usimwambie nimesema. Kwaheri kaka." Kitufe kikalia tak. Na chini yake, pale ambapo majibu yangu yaliisha na barua yake ya awali ilikuwa bado haijafutwa, kaka yangu akaongea.

Alianzia katikati ya neno. "—ngine hawa wanakoroma, mke wangu, ni kama trekta zimeegeshwa chumbani. Mmoja tumemhamishia mlangoni." Akacheka. Ile sauti. Ilijaza chumba mpaka kwenye mabati. "Sasa sikiliza. Ulisema nisikuulize habari za hospitali, basi sikuulizi. Nakungoja uniambie mwenyewe, ukiwa tayari. Mimi nipo. Hata usiponiambia nipo. Haya, mkanda unaisha, nauona. Nisalimie mdogo wangu, mwambie—"

Mkanda ukaisha. Sekunde arobaini.

Wifi akahifadhi kwanza. Akahifadhi mara ya pili mahali pengine. Kisha akazima betri, akasema, "Imetoka safi. Hakuna mngurumo."

Nikasema, "Ulijua."

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Mwaka aliorudi. Alikuwa amelala, nikaikuta sandukuni, nikadhani ni barua yake ambayo sikuwahi kuijibu. Ile kaseti nilikuwa nimeiweka mezani nimjibu, Wifi. Nilijikaza wiki nzima nipate maneno. Siku niliyoyapata nikakuta imeshaondoka na lori. Ulisema umempa salamu za wote."

Nilikumbuka. Nilikumbuka hata gauni nililovaa.

"Yeye aliwahi kukuuliza? Habari za... za hospitali?"

"Hakuuliza tena. Na mimi baada ya kusikia kaseti nikajua kwa nini hakuuliza: alishakusikia wewe. Sikusema. Yeye hakujua kwamba najua. Halafu sauti ikamwisha."

Alikuwa anakunja waya huku akisema, duara juu ya duara, sawasawa. Nikamwuliza kwa nini hakuipeleka studio, ingawa nilikuwa nimeshajua.

"Wangekusikia," akasema. "Mtaa huu huu tunafanya kazi."

Hapo nikapiga magoti. Nilimshika nguo, nikalia, nikamwambia anitukane. Nikamwambia anipige, anifukuze, avunje cherehani, aseme chochote. Nilimwomba kama mtu anavyoomba maji.

Alinitazama kwa uso ule ule wa msibani. Akanishika kwapani, akaninyanyua, akanirudisha kwenye kiti.

"Sina," akasema. "Si kwamba nakunyima. Nimetafuta, Wifi, nimekosa. Kifo chake chenyewe bado hakijanifikia. Jambo lako liko nyuma yake, kwenye foleni."

Kisha akaniomba simu. Nikampa. Akaichomeka, akauliza bila kunitazama, "Nikuwekee yake tu, au yote?"

Nilitaka kusema yake tu. Mdomo ulishafunguka.

"Yote," nikasema.

Tukangoja ikiingia. Alipomaliza akanirudishia simu, akavuta redio ya mteja iliyokuwa hapo tangu Ijumaa, akaigeuza, akaanza kufungua skrubu.

Sasa ni miezi saba. Chumba ni kile kile, mimi mbele, yeye nyuma ya kabati. Tunasalimiana, tunagawana chai, mteja akiniuliza fundi yuko wapi namwonyesha kwa kidole. Sijagombeza mtu. Kila asubuhi nikiingia, kabla sijasema neno, namtazama kwanza usoni kuona kama zamu yangu imefika.